MSAADA WA KILIMO UKO MLANGO GANI?

(Mazungumzo haya yalitolewa na walimu wa elimu ya watu wazima mbele ya wahitimu wa ngumbaru, Kaunti ya Bungoma, Kenya.)



Leo hatukuja kufundisha herufi. Herufi mnazijua, hesabu mnazijua, na vyeti mnavyo. Leo tumekuja kuzungumza juu ya kazi ya herufi hizo. Mtu akijifunza kusoma, halafu asome majina ya maduka tu, amenunua jembe akalitundika ukutani.

Jambo letu ni moja: msaada wa serikali kwa mkulima. Uko wapi? Nani anautoa? Unaombwaje? Kwa nini jirani amepata na wewe hujapata, na mashamba yenu yanapakana?

Pale sokoni Chwele tunasikia watu wakisema, "Ah, misaada hiyo ina wenyewe." Wengine wanasema, "Serikali haina kitu." Sisi tunasema msaada upo, lakini hauji nyumbani kupiga hodi. Tena haukai mahali pamoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwenye kuinama ni lazima kwanza ajue ni mvungu wa kitanda gani.

SERIKALI MBILI

Zamani mambo ya kilimo yalitoka Nairobi. Katiba ya 2010 ilibadilisha hayo. Tangu 2013 tuna serikali ya taifa, na tuna serikali za kaunti 47. Kazi ya kilimo huku mashambani ilipewa kaunti: maafisa wa kilimo, madaktari wa mifugo, chanjo, mafunzo ya wakulima. Serikali ya taifa ilibaki na sera, na pia inaendesha mipango mikubwa ya nchi nzima, kama ile mbolea ya bei nafuu.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mtu ng'ombe wake ni mgonjwa, anakwenda kwa chifu. Chifu ni mtu wa serikali ya taifa, hana daktari wa ng'ombe. Mwingine hajapata vocha ya mbolea, anakwenda kumgombeza mwakilishi wa wadi. Mwakilishi ni mtu wa kaunti, na vocha ile haitoki kaunti. Wote wawili wanarudi mikono mitupu na kusema wamezungushwa. Kumbe walibisha kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Basi shikeni hivi. Mlango wa kwanza ni wa chifu, pamoja na naibu wake na liguru wa kijiji. Hapo unaulizia kuandikishwa kwa mbolea ya serikali ya taifa.

Mlango wa pili ni wa afisa wa kilimo wa wadi. Bungoma ina kaunti ndogo 9 na wadi 45. Hapo unaulizia mbegu au mbolea ya kaunti, mafunzo, makundi ya wakulima, chanjo, na kupima udongo. Kama humjui afisa wako, muulize msimamizi wa wadi. Yeye ana ofisi na ni kazi yake kukuonyesha.

Mlango wa tatu ni ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao, yaani NCPB. Hapo mbolea inachukuliwa. Hapo hakuna kuandikishwa. Usipande gari mpaka ghala wakati jina lako halijaandikwa kwa chifu.

MBOLEA YA BEI NAFUU

Haya, tuanze na jambo ambalo kila mtu analiuliza. Mwaka 2022 bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 ilipanda mpaka ikapita shilingi 6,000. Mwezi wa Septemba mwaka ule serikali ya taifa ilianza kuuza kwa shilingi 3,500. Agosti 2023 bei ikashushwa tena mpaka shilingi 2,500. Bei ya serikali yaweza kubadilika. Kwa hiyo kila msimu uliza kwanza, ndipo ufunge safari.

Mbolea hii inapita kwenye daftari. Mwanzoni mwa 2023 machifu na maliguru waliandikisha wakulima, na majina yakawekwa kwenye kompyuta za serikali. Daftari hilo linaitwa KIAMIS. Ukiandikishwa unaulizwa mambo haya: namba ya kitambulisho, namba ya simu, ukubwa wa shamba unalolima, na mimea unayopanda. Msimu ukifika, unaletewa ujumbe kwa simu. Huo ndio vocha. Unakwenda ghalani na kitambulisho na simu yako, unalipa, unachukua.

Mambo matatu yanakosesha watu hapo. Tuyaseme moja moja.

La kwanza ni namba ya simu. Yuko mama mmoja tunayemfahamu vizuri. Analima ekari mbili za mahindi na maharagwe. Bwana wake anafanya kazi Mombasa. Siku ya kuandikisha, shamba likaandikwa kwa jina la bwana, na simu ikaandikwa ya bwana. Mwezi wa Machi vocha ikaenda Mombasa. Bwana akauona ujumbe, akadhani ni wale matapeli wa simu, akaufuta. Mama akangoja. Mvua ikaanyesha, majirani wakapanda, yeye anangoja. Mwisho akauza kuku wake, akanunua mfuko mmoja dukani kwa bei ya duka, akautawanya kwenye ekari mbili. Mnajua wenyewe mahindi ya namna hiyo yanavyokuwa. Kufika Mei yalikuwa ya manjano.

Msimu uliofuata alikwenda kwa naibu wa chifu na kitambulisho chake mwenyewe na laini yake mwenyewe, akaomba aandikishwe yeye, kwa kuwa ndiye anayelima. Akina mama, sikilizeni vizuri hapo. Wanaoandikishwa ni wanaolima. Hata aliyekodi shamba anaandikishwa. Usikae nyumbani ukisema, "Shamba si langu." Jembe liko mkononi mwa nani?

Na ninyi akina baba mlioko mjini, kama namba yenu ndiyo iliyoandikwa, msifute ujumbe. Mpigieni mwenye shamba siku ileile.

La pili ni ukubwa wa shamba. Wengine walitaja ekari kumi na wana ekari moja, wakitumaini mifuko mingi. Wengine waliogopa kodi wakataja robo ekari na wana ekari tatu. Wote wamejidhuru. Anayedanganya kwa kuongeza anamnyima jirani. Anayepunguza anajinyima mwenyewe. Taja shamba unalolima, basi.

La tatu ni nauli. Ghala liko mbali na wengi wetu. Ukichukua mifuko miwili peke yako kwa bodaboda, faida inabaki njiani. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme pikapu inataka shilingi 3,000 kwenda na kurudi. Wakulima kumi wamepata mifuko miwili kila mmoja. Hiyo ni mifuko 20. Gawanya 3,000 kwa 20. Kila mfuko umebebwa kwa shilingi 150. Bodaboda gani itakubebea mfuko kutoka mjini kwa shilingi 150? Hesabu za darasani ndizo hizo.

Tena uliza kama mbolea imeletwa karibu zaidi. Pengine serikali hupeleka mbolea kwenye stoo za vyama vya ushirika. Naibu wa chifu hupata habari hizo mapema.

MSAADA WA KAUNTI

Mlango wa pili watu wengi hawaujui, na una mambo mengi.

Pengine kaunti hugawa mbegu na mbolea bure kwa watu wasiojiweza: wajane, wazee, watu wenye ulemavu, nyumba zinazolea mayatima. Msaada huu ni wa wachache. Kwa sababu hiyo majina huchaguliwa katika wadi. Uliza maswali mawili: majina yanachaguliwa kwa njia gani, na mkutano wa kuchagua ni lini? Majina yakisomwa kwenye mkutano mbele ya watu wote, mwenye shamba kubwa na duka hawezi kujiingiza kwa urahisi. Yakiandikwa usiku kwenye nyumba ya mtu, mjane hataonekana humo.

Tena iko miradi ya makundi. Kati ya miaka ya 2016 na 2023 ulikuwako mradi wa NARIGP katika kaunti 21, na Bungoma ilikuwa moja yao. Mwaka 2022 ukaja mradi wa NAVCDP katika kaunti 33. Fedha za miradi hii ni mkopo wa Benki ya Dunia kwa Serikali ya Kenya. Maana yake ni kwamba deni litalipwa na sisi sote. Basi ni vizuri tuijue inafanya nini.

Miradi ya namna hii haimpi mtu mmoja mmoja fedha mkononi. Inafanya kazi na makundi ya watu wenye shughuli moja, kama kuku, ng'ombe wa maziwa au ndizi, na inataka kikundi kiweke akiba katika chama cha akiba na mikopo. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kukubaliwa sharti kiwe na mambo haya:

1. Kimeandikishwa, na kina cheti.
2. Kina katiba yake, hata kama ni karatasi mbili.
3. Kina kitabu cha mkutano, na kila mkutano umeandikwa.
4. Kina kitabu cha fedha, na kila shilingi inaonekana imeingia vipi na imetoka vipi.
5. Kina akaunti, na wenye kutia sahihi ni zaidi ya mmoja.

Tazameni orodha hiyo. Yote ni kazi ya kuandika! Kikundi kinaweza kuwa na kuku wazuri wa kushangaza, lakini bila vitabu afisa hana la kushika. Ninyi wahitimu ndio makarani wa vikundi hivyo. Msikae nyuma mkimwachia kijana mmoja aliyemaliza sekondari. Siku akienda Nairobi kutafuta kazi, anakwenda na vitabu kichwani.

Msaada mwingine ni mafunzo. Pale Mabanga tuna chuo cha kufundishia wakulima. Watu wanapita mbele ya lango wakienda Webuye au Bungoma mjini, na hawajawahi kuingia. Muulize afisa wa wadi ni mafunzo gani yapo msimu huu na siku ya wakulima ni lini.

UDONGO WETU

Sasa tuseme jambo ambalo watu hawaliiti msaada, na huenda ndilo kubwa. Wengi wetu tumetia mbolea ya DAP miaka na miaka shamba lilelile. Ni mbolea nzuri ya kupandia, lakini ikitumika peke yake kwa miaka mingi inaongeza uchachu wa udongo. Katika udongo mchachu mmea haupati chakula vizuri hata ukiwekewa mbolea nyingi. Unanunua mbolea ya bei nafuu, unaizika, na mahindi hayaioni. Dawa yake ni chokaa ya shambani. Lakini usitie chokaa kwa kubahatisha. Udongo upimwe kwanza.

Muulize afisa wa kilimo udongo unapimwa wapi na kwa kiasi gani. Kituo cha utafiti cha KALRO kiko Kakamega, si mbali nasi. Kuchukua udongo unaweza mwenyewe. Tembea shambani upande huu na upande huu, uchimbe mahali kumi au zaidi, kina cha jembe, kama sentimita 20. Usichimbe palipokuwa na boma, wala chini ya mti, wala kando ya ua. Changanya udongo wote katika ndoo safi. Chukua nusu kilo, ianike kivulini, itie kwenye mfuko, uandike jina lako na jina la shamba. Hiyo ndiyo inayopelekwa.

MATAPELI NA CHAI

Palipo na msaada hapakosi mwizi. Tuwe macho.

Kuandikishwa ni bure. Mtu akikwambia, "Toa mia mbili niweke jina lako," huyo anakula jasho lako. Muulize kwa upole, "Nipe risiti." Utaona anavyobadilika.

Ujumbe wa simu ukikutaka utume fedha kwanza ili upate vocha, ni wa uongo. Ukikuuliza namba yako ya siri ya M-Pesa, ni wa uongo. Usiposhika ujumbe vizuri, mpelekee mwenzako wa darasa mwusome pamoja. Kuuliza si ujinga.

Mbegu nazo zina matapeli. Pakiti ya mbegu ya halali ina lebo ya KEPHIS. Kwaruza lebo, utaona namba. Itume namba ile kwa ujumbe mfupi hadi 1393. Utajibiwa ni mbegu gani na imetoka kampuni gani. Kama jibu halipatani na maandishi ya pakiti, irudishe dukani kabla hujaipanda.

Na weka risiti. Mwezi wa Machi na Aprili 2024 ilijulikana kwamba mbolea mbovu ilikuwa imeingia katika mpango wa serikali, na wakulima waliuziwa kitu kisichoweza kulisha mmea. Serikali ikasema walionunua watafidiwa. Sasa fikiri: ni nani anayeweza kuonyesha kwamba alinunua? Ni yule mwenye ujumbe kwenye simu na karatasi nyumbani. Tafuta bahasha moja ya kilimo, uweke kila karatasi humo. Weka pia mfuko mtupu wa mbolea mpaka mahindi yatoke vizuri. Mfuko una jina na namba.

WAKATI NI UPI?

Wengi wetu tunauliza msaada mwezi wa Machi, mvua ikiwa mlangoni. Wakati huo afisa hana la kufanya, kwa maana bajeti ilikwisha zamani. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Mbolea ya kaunti itakayogawanywa Machi lazima iwemo katika bajeti iliyoanza Julai iliyopita.

Basi andika tarehe hizi ukutani. Kufika tarehe 1 Septemba, kaunti inatakiwa iwe imepeleka mpango wa maendeleo wa mwaka ujao kwenye bunge la kaunti. Kufika tarehe 28 Februari, inapeleka karatasi ya mgawo wa fedha kwa kila idara. Kufika tarehe 30 Aprili, inapeleka makadirio ya bajeti yenyewe. Sheria inataka wananchi waulizwe maoni. Mikutano hiyo hutangazwa, lakini wakulima hawaonekani. Wanaoonekana ni wenye kutaka barabara na taa. Barabara ni nzuri. Lakini kama hakuna aliyesimama kusema, "Wadi yetu haina afisa wa kilimo," nani atajua?

ANDIKENI BARUA

La mwisho. Ukiuliza kwa mdomo unaweza kujibiwa kwa mdomo, "Rudi kesho." Barua haisahauliki hivyo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Iko pia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Inasema unaweza kuomba kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kuomba ni bure, ila unaweza kutakiwa kulipia kunakili karatasi. Ofisi inatakiwa kujibu kwa siku 21. Na asiyejua kuandika, afisa wa habari sharti amwandikie ombi lake na ampe nakala. Ukinyimwa bila sababu, unaweza kupeleka shauri lako kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanayoiita Ombudsman.

Huu hapa mfano wa barua. Nakilini, mtie majina yenu.

Kikundi cha Wakulima cha ............
Tarehe ............

Kwa Afisa wa Kilimo,
Wadi ya ............

Bwana au Bibi,

KUHUSU: OMBI LA HABARI JUU YA MSAADA WA KILIMO

Sisi ni wakulima wa kijiji cha ............ Kwa haki tuliyopewa na Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tunaomba kujulishwa mambo haya:

1. Ni misaada gani ya kilimo iliyotengewa wadi yetu mwaka huu wa fedha?
2. Ni nani wanaostahili, na wanachaguliwa kwa njia gani?
3. Siku ya mwisho ya kuomba ni lini?
4. Mwaka jana ni wakulima wangapi wa wadi yetu waliopata?

Tutashukuru kupata jibu kwa maandishi.

Wako,
............ (Mwenyekiti) ............ (Karani)

Andikeni nakala mbili. Moja mwache ofisini. Ya pili igongwe muhuri na iandikwe tarehe iliyopokewa, mrudi nayo nyumbani. Kuanzia siku hiyo hesabuni siku 21.

Ndugu zetu, hatusemi kila atakayeandika atapata mfuko wa mbolea. Fedha ni chache na watu ni wengi. Lakini anayejua mlango, siku na sheria hupewa jibu la ndiyo au la hapana, akajua la kufanya na shamba lake. Mvua haimngoji mtu. Tuanze kuuliza mapema.



MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Afisa wa kilimo wa wadi yetu ni nani, na ofisi yake iko wapi?
2. Katika nyumba yako, ni namba ya simu ya nani iliyoandikwa kwenye daftari la wakulima? Je, ndiye anayelima?
3. Vitabu vya kikundi chetu vinawekwa na nani? Ni nani mwingine anayeweza kuvisoma?
4. Ni nani kati yetu atakwenda kwenye mkutano wa bajeti, na tumtume aseme nini?